Mashine ya Nyasi Inaposhindwa Kurudi Nyumbani

Saa kumi na moja na nusu jioni, katika kiwanja kimoja cha mtaa wa Mudzipela hapa Bunia, mashine ya kukata nyasi inayojiendesha, yenye ukubwa wa beseni la kufulia, inazunguka mpapai na kuelekea kwenye kituo chake cha chaji. Inakwenda taratibu, imenyooka. Inapanda kibao cha kituo, vyuma vyake viwili vya mbele vinagusana na vyuma viwili vya kituo, kisha badala ya kutulia inarudi nyuma hatua mbili, inajipanga upya na kujaribu tena. Mara ya pili vilevile. Mara ya tano vilevile. Mwenye kiwanja amesimama mikono kiunoni. "Haioni," anasema. "Macho yake yameharibika." Kabla ya magharibi betri imekwisha, mashine imezimika njiani, na kijana wa nyumba anaibeba kifuani hadi barazani kama mbuzi aliyekataa kuingia zizini.

Nilirudi kwenye kiwanja kile jioni nne mfululizo, maana neno lile la "haioni" lilinikaa kichwani. Mashine ilikuwa inaona vizuri. Ilikuwa imefika nyumbani mara tano, na mara zote tano haikukuta chakula. Huo ndio ugonjwa ninaotaka kuuchambua hapa, kwa sababu naamini unasomwa vibaya karibu kila mahali, na huku kwetu ukisomwa vibaya unamgharimu mtu dola nyingi kwa kifaa ambacho hakikuwa kimeharibika.

Mashine hizi bado ni chache sana katika jimbo letu la Ituri. Nyasi zetu tunazikata kwa kupekupe, yale mapanga ya kufyekea, na Jumamosi ya salongo, siku ya usafi wa pamoja, utayasikia yakifyeka tangu asubuhi mtaa mzima. Kazi yenyewe haiishi. Bunia iko juu kidogo ya mstari wa ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, mvua zinaanza Machi na kuendelea hadi Novemba, na pasipalamu iliyokatwa wiki hii inadai kukatwa tena wiki ijayo. Kwa hiyo mtu mwenye uwanja mpana, iwe shule, hoteli au familia iliyopata kifaa kutoka kwa ndugu aliye Ubelgiji, ana sababu nzuri ya kuitamani mashine inayokata yenyewe kidogo kidogo kila siku. Nyingi zinafika kama mitumba: meli hadi Mombasa, lori hadi Kampala, kisha mpaka wa Mahagi na barabara ya vumbi. Zinafika bila kitabu, mara nyingine bila sanduku lake la umeme, na daima bila mtu wa kuzieleza.

Tatizo la kurudi nyumbani ni la zamani kuliko mashine za nyasi. Mwaka 1948 na 1949, katika mji wa Bristol, Uingereza, mwanasayansi wa ubongo aitwaye Grey Walter alitengeneza vifaa viwili vya magurudumu matatu akavipa majina Elmer na Elsie. Watu waliviita kobe, kwa gamba lao na mwendo wao. Kila kimoja kilikuwa na jicho la kuhisi mwanga, na ndani ya kibanda chao palikuwa na taa na chaji. Betri ikipungua, kobe alivutwa na taa ile akaingia kibandani mwenyewe. Kwa vali chache za redio na mota mbili, Walter alikuwa tayari ameonyesha kwamba kurudi nyumbani kuna sehemu zake: uhisi njaa, uione taa, uingie mlangoni, ule. Kobe akizunguka nje ya kibanda hadi akazimika, swali lilikuwa ni ipi kati ya hizo iliyovunjika.

Mashine ya kwanza ya nyasi ya kujiendesha ya kampuni ya Husqvarna ya Uswidi, iliyotoka mwaka 1995 kutokana na ubunifu wa Mbelgiji André Colens, ililikwepa swali lote. Ilibeba sola mgongoni. Haikuwa na nyumba ya kurudia. Ilipochoka ilisimama juani ikajilisha, kisha ikaendelea. Miaka michache baadaye kampuni ileile ilileta mashine yenye kituo cha chaji, kwa sababu sola ndogo ya mgongoni haitoshi kwa uwanja mkubwa wala kwa siku za mawingu. Tangu hapo mashine ina nguvu zaidi, na ina nyumba ya kuikosa. Maroboti ya Kinshasa yanayoongoza magari, yaliyobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na kusimamishwa barabarani kuanzia mwaka 2013, yalikwenda njia ya Colens: yalisimama mahali pamoja, sola ikiwa juu yao. Kwa mji ambao umeme wake hauaminiki, huo ulikuwa uamuzi wa akili. Mashine ya nyasi haina bahati hiyo, kwa sababu kazi yake ni kutembea.

Basi nigawe ugonjwa huu kwa namna ninayoiona inafaa. Mashine inapaswa kuiona njia ya nyumbani, kuingia mlangoni, na kula. Ni mambo matatu, na dalili zake zinafanana sana kwa anayetazama kutoka barazani, kwa kuwa mwisho wake ni mmoja: mashine imezimika nje. Lakini dawa ya moja haigusi lingine. Ukibadilisha waya uliofukiwa ardhini wa kuiongoza mashine wakati vyuma vya chaji vimeshika kutu, umepoteza siku mbili za jembe. Ukinunua betri mpya wakati kibao cha kituo kimeinama upande, betri mpya nayo itazimika nje.

Kuna jaribio dogo linaloyatenga, nalo halihitaji kifaa chochote. Mashine ikiwa imezimwa, isukume kwa mikono yako mpaka vyuma vyake vikae sawasawa juu ya vyuma vya kituo, iwashe, kisha tazama. Ikianza kuchaji na ikaendelea kuchaji kwa dakika kumi, chakula kipo. Ugonjwa uko njiani au mlangoni. Isipochaji hata ukiishikilia mwenyewe, achana na njia, achana na waya, achana na habari za macho. Njaa iko jikoni. Jaribio la pili linafuata la kwanza: iweke hatua tatu mbele ya kituo, ikielekea kituo, uiamuru irudi. Ikiingia kutoka hapo lakini ikishindwa kutoka pembe ya mbali ya uwanja, mlango ni mzima na njia ndiyo mbovu. Ikishindwa hata kutoka hapo, mlango ndio wa kutazamwa.

Vitabu vya viwandani vilivyopita mikononi mwangu vinaanzia kwenye waya na njia. Sivilaumu. Viliandikwa na watu ambao soketi yao ina umeme uleule asubuhi na usiku, kiasi kwamba hawafikirii kuishuku. Bunia inabidi tusome kitabu kutoka ukurasa wa mwisho.

Hili sikulijua kwa elimu yangu. Nililipata kwa kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu, ubavuni mwa barabara, ambaye kila siku anapokea simu za watu wasio na umeme nyumbani. Kibanda chenyewe ni meza moja, sola mbili juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, na ubao wenye soketi nyingi zilizofungwa kwa nailoni nyeusi. Kila simu ina kipande cha karatasi chenye namba. Nilimkuta akisumbuliwa na mama mmoja aliyesema simu yake imekufa. Kijana hakuigusa simu. Alichomoa chaja akaichomeka kwenye soketi ya jirani, ambako palikuwa na simu inayochaji vizuri. Kisha akabadilisha waya. Kisha akachukua sindano, akalichokonoa taratibu tundu la simu, akatoa kitu kama uzi wa blanketi uliochanganyika na vumbi jekundu. Simu ikawaka. "Mama, simu ni ya mwisho," alimwambia. "Tunaanzia huku umeme unakotoka, tunakuja nayo polepole." Utaratibu ule, kutoka kwenye chanzo kuelekea kwenye kifaa, kiungo kimoja kimoja, ndio ninaoufuata hapa.

Chanzo, kwetu, kina historia yake. Bunia imetegemea kwa miaka mingi bwawa la Budana lililo kwenye mto Shari, lililojengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Halikujengwa kwa ajili ya mji wenye watu wengi kiasi hiki, na wakazi waliokimbia vita vijijini wameujaza mji miaka hii yote. Pamoja na bwawa hilo kuna jenereta za watu binafsi na sola za kila aina. Kwa mtumiaji matokeo ni kwamba soketi iliyoandikwa volti 220 inaweza kutoa kidogo zaidi au pungufu sana, kutegemea saa. Jioni, kila nyumba inapowasha taa, pasi na televisheni, volti zinashuka.

Sasa sanduku la umeme la kituo cha mashine. Yapo ya aina mbili, na kuzitofautisha ni rahisi kama kuyanyanyua. Jepesi ni la kisasa. Ubavuni limeandikwa kwamba linapokea volti 100 hadi 240, na hata umeme ukishuka hadi 150 bado linatoa kilekile. Zito, linalokaa mkononi kama tofali, ni transfoma ya kizamani. Hilo halina ujanja: linachopokea pungufu linakitoa pungufu. Sanduku la Mudzipela lilikuwa zito, limeandikwa volti 28. Siku ya pili nilikwenda na multimeta ya kuazima. Saa tatu asubuhi soketi ilikuwa na volti 214. Saa kumi na mbili kasoro jioni ilikuwa na 152. Piga hesabu: transfoma iliyoundwa kutoa 28 ikilishwa 230, ikilishwa 152 itatoa 18 na kitu.

Betri ya mashine ile ina seli tano za lithiamu zilizofungwa mfululizo. Seli moja ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2, kwa hiyo tano zinafika 21. Huwezi kujaza ndoo ya urefu wa 21 kwa maji yanayopanda hadi 18. Na hapa ndipo siri ya kurudi nyuma ilipofichuka. Mashine haijui kwamba imefika nyumbani kwa kuona kituo; inajua kwa kuonja umeme kwenye vyuma vyake. Ikigusa na isionje umeme wa kutosha, inaamini imekosea mlango. Inarudi nyuma, inajipanga, inajaribu tena. Kwa anayetazama hiyo ni tabia ya kipofu. Ndani ya akili ya mashine ni hitimisho la haki kabisa: hapa hakuna chakula, kwa hiyo hapa si nyumbani.

Umeme unaotoka kwenye sola kupitia inveta ya bei nafuu una ugonjwa wake tofauti. Volti zinatosha, lakini mawimbi yake si laini. Yanapanda na kushuka kwa ngazi za mraba. Transfoma nzito ikilishwa mawimbi hayo hupata moto na kuvuma. Ukiweka mkono juu ya sanduku ukashindwa kuuacha hapo, lichomoe. Kwa anayetaka kulisha mashine kwa sola, inveta ya mawimbi laini inastahili gharama yake.

Baada ya chanzo na sanduku, tunakuja kwenye vyuma vinavyogusana, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo mahali padogo kuliko pote na panapoharibika kuliko pote. Vile vya Mudzipela vilikuwa vipana kama kidole gumba, vya rangi ya shaba vilipokuwa vipya. Nilipopiga magoti kuvitazama, upande wa mashine ulikuwa mweusi kama masizi, na upande wa kituo ulikuwa na utando wa kijani uliochanganyika na vumbi letu jekundu lililoganda kwa umande. Nyasi mbichi zina maji na chumvi. Kila mara mashine ikirudi, inakuja na utomvu mdomoni. Ule utando ni mwembamba kuliko karatasi, lakini umeme lazima uuvuke, na kila unapouvuka unapoteza volti na kuacha joto. Asubuhi, volti zikiwa nyingi, hasara hiyo haionekani. Jioni, zikiwa pungufu, utando ule unakula kile kidogo kilichobaki. Magonjwa mawili madogo, kila moja likivumilika peke yake, yalikuwa yanakutana kila siku saa kumi na moja na nusu.

Dawa ya vyuma ni msasa laini, ule wa kumalizia mbao, siyo wa kung'oa rangi. Unasugua kidogo hadi shaba ing'ae, unafuta kwa kitambaa kikavu, basi. Msasa mkali unachimba mifereji, na mifereji inashika uchafu upesi zaidi. Maji ya bomba hayana kazi hapo. Yanaingia kwenye sanduku la chini na kuanza kutu nyingine usiyoiona. Kisha bonyeza kila chuma kwa kidole. Vingi vina springi nyuma yake, navyo vinapaswa kurudi kama kitufe cha kengele. Kimoja cha Mudzipela kilikuwa kimelala upande, hivyo mashine iligusa chuma kimoja vizuri na kingine kwa ncha tu.

Betri yenyewe ni ya mwisho katika mstari huu, nayo ndiyo inayohukumiwa kwanza. Ni kweli kwamba mitumba mingi inafika na betri mbaya, na sababu yake inaeleweka: mashine imezimwa Antwerpen ikiwa karibu tupu, imekaa miezi baharini, bandarini na barabarani, na kila siku imevuja kidogo. Seli ya lithiamu ikishuka chini ya volti mbili na nusu hivi, saketi inayoilinda hukataa kuichaji tena, na inafanya hivyo kwa usalama wako, kwa sababu seli iliyoshuka hivyo inaweza kuwaka ikilazimishwa. Nimeona mafundi wakiifufua kwa kuichomeka moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki. Ninaomba wasifanye hivyo ndani ya nyumba ya watu, wala karibu na watoto. Anayeagiza mashine kutoka Ulaya amwambie ndugu yake aichaji hadi nusu kabla ya kuifunga.

Mlango unahitaji maneno machache zaidi. Kibao cha kituo kikae mahali tambarare, kwenye ardhi ngumu, na mbele yake pawe na njia iliyonyooka ya hatua tatu bila kona. Udongo wetu mwekundu unadanganya: wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji, mvua kubwa tatu baadaye umechimbika upande mmoja wa kibao na mashine inafika ikiwa imeinama, vyuma vyake viko juu au chini ya vile vya kituo kwa upana wa kucha. Magurudumu yaliyojaa matope nayo yanateleza kwenye plastiki ya kibao. Mashine inazunguka mahali pamoja, inachimba, inakata tamaa. Brashi ya viatu inatosha. Kuku wakipenda kulala juu ya kituo, na wanapenda kwa sababu kuna joto, basi kila asubuhi kuna kazi ya kufuta.

Njia ni sura nyingine. Mashine nyingi za mitumba zinaongozwa na waya mwembamba uliofukiwa kuzunguka uwanja, wazo ambalo tayari lilikuwapo katika MowBot, mashine ya Marekani iliyouzwa mwaka 1969. Kituo kinapitisha mapigo madogo ya umeme katika waya huo, na mashine ina koili zinazohisi sumaku yake, kwa hiyo inajua iko ndani ya mpaka au nje. Waya wa pili hukatiza uwanja kuelekea kituoni kama kamba ya kuongoza. Waya ukikatika kabisa, taa ya kituo hubadilika rangi au huanza kupepesa, na mashine hukataa hata kuondoka. Hilo ni rahisi, maana linajitangaza.

Linalosumbua ni waya uliokatika ukaungwa vibaya. Jembe limepita, mtu amesokota ncha mbili na kuzifunga nailoni, na kazi imeendelea. Miezi miwili baadaye kiungo kimeingia maji, shaba imekuwa kijani, na mapigo yanafika dhaifu. Mashine inaiona njia ikiwa karibu na inaipoteza ikiwa mbali. Wakati wa kiangazi inarudi, baada ya mvua hairudi. Mtu akikueleza kwamba mashine yake ina "siku zake", muulize waya umeungwa wapi. Viungo vinavyofaa ni vile vidogo vya plastiki vyenye mafuta mazito ndani, yanayozuia maji. Visipopatikana, kiungo kiinuliwe juu ya ardhi, kifungwe ndani ya kopo dogo lenye kifuniko, kisifukiwe.

Kutafuta mahali palipokatika kuna njia mbili zisizo na gharama. Ya kwanza ni ya nusu kwa nusu: kwa multimeta unapima kipande cha waya kutoka kituoni hadi katikati, ukikikuta kizima unajua ubovu uko nusu ya pili, unaigawa tena, na kwa mara tano au sita umebaki na mita chache za kuchimbua. Ya pili inawafurahisha wazee: redio ndogo ya mkononi, ya zamani yenye bendi ya AM, ikiwekwa mahali pasipo na stesheni ya redio na kupitishwa juu ya waya, inaweza kusikia mapigo yake kama mdudu anayekwaruza. Unatembea ukiufuata waya. Mlio ukififia ghafla, weka jiwe hapo.

Mashine mpya zaidi hazina waya. Zinasoma setilaiti kwa msaada wa antena ya nyumbani, na baadhi zina kamera au mwanga usioonekana wa kuzielekeza hatua za mwisho. Watu wanadhani zimepona ugonjwa huu. Zimeuhamisha tu. Kituo kikiwekwa kando ya ukuta, chini ya mwembe au karibu na paa la bati, mawimbi ya setilaiti yanazibwa au yanadunda, na mashine iliyokata uwanja wote kwa usahihi wa sentimita inayumba mlangoni kwake. Kamera iliyofunikwa na vumbi la Januari haioni alama ya kituo. Hizo, kweli, ndizo zinazoweza kuitwa vipofu.

Kuna adui mmoja ambaye haleti ugonjwa wa polepole. Mashariki ya Kongo ni moja kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Uchunguzi wa data za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, Kivu Kusini, ya pili baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Waya wa mita mia mbili uliozunguka uwanja ni antena kubwa. Radi haihitaji kuupiga. Ikianguka jirani inatosha kusukuma ndani yake umeme unaochoma saketi ya kituo. Kuchomoa plagi ukutani peke yake hakutoshi, kwani njia ya pili iko ardhini. Mawingu yakikusanyika upande wa Ziwa Albert, chomoa plagi na uchomoe ncha za waya kwenye kituo. Ni sekunde ishirini.

Nimejiuliza kama sisi tunahitaji kabisa mashine inayojirudisha yenyewe. Majirani zetu wameonyesha njia nyingine. Ndege zisizo na rubani za Zipline, zinazopeleka damu hospitalini Rwanda tangu mwaka 2016, hazijichaji zenyewe. Zinanaswa mkia hewani kwa kamba zikirudi, na mfanyakazi anatoa betri iliyochoka na kuweka iliyojaa. Pikipiki za umeme za Kigali nazo zinabadilishana betri kituoni kwa dakika chache. Mkono wa mtu unafanya ile sehemu ngumu ya mwisho. Kwa uwanja wa shule ya Bunia wenye mlinzi aliyepo saa zote, betri mbili na mtu wa kuzibadilisha ni mpango imara kuliko kituo cha nje kinachotegemea umeme wa jioni, na unampa mtu kazi. Sema tu kwamba mashine nyingi zimefungwa betri ndani kwa skrubu, kana kwamba hakuna atakayeigusa kwa miaka mitano.

Linaloniuma zaidi ni habari ya ujuzi. Mashine inapokataa, kioo chake kinaandika ujumbe mfupi kwa Kijerumani au Kiswidi, lugha ya mwenye kuiuza, na mmiliki wa Mudzipela hana wa kumsomea. Fundi mmoja alimwambia ubao wa ndani umekufa, akataja bei ambayo ni zaidi ya ada ya mwaka ya mtoto shuleni. Siamini kwamba alitaka kumwibia. Aliona mashine inagusa na kurudi, akafikiri akili yake imeharibika, na hakuna mahali popote alipofundishwa kuanzia kwenye soketi. Kijana wa kibanda cha simu alifundishwa na kazi yenyewe, simu baada ya simu. Wale wanaosomea umeme katika shule zetu za ufundi wapewe mashine kama hizi, hata mbovu, wazifungue.

Jioni ya nne tulisugua vyuma, tukakinyoosha kile kilicholala, tukakiweka kibao sawa kwa vipande viwili vya tofali. Mashine ilirudi, ikagusa, ikatulia kama dakika moja, kisha ikarudi nyuma. Volti zilikuwa 149. Kwa hiyo tulibadilisha saa zake: sasa inatoka saa moja asubuhi na kurudi kabla ya saa tano, wakati soketi bado ina 210 na zaidi. Siku ya kwanza ya ratiba hiyo mwenye kiwanja alinipigia simu saa nne na nusu kuniambia imelala. Sanduku jepesi limeagizwa Kampala. Chini ya mpapai, hatua sita kutoka kituoni, tulikuta kiungo cha waya kilichofungwa nailoni, bado kikavu, na tumekubaliana kukichimbua kabla ya mvua za Machi.